Aliyesema Safi

Inspekta alifika kazini saa mbili kasorobo akamkuta Tarumbeta amekwisha kukaa juu ya meza, mguu huu juu ya ule, anasimulia. Makarani wawili walikuwa wamesimama mbele yake na vikombe vya chai, midomo wazi.

"Kiongozi wa kikosi cha zimamoto anagundua mkewe ana siri na dereva wa gari lao," Tarumbeta alisema. "Ananyamaza. Jumanne wanaitwa kwenye kiwanda cha mikate, gesi inavuja. Kiongozi ananusa mlangoni, anatangaza kwenye redio kwamba ni safi, kisha anamwambia dereva, aliyemtuma uani yeye mwenyewe, awashe umeme. Swichi ikabonyezwa, stoo ikalipuka, mlango wa chuma wa upande wa uani ukang'oka na kumpiga dereva. Sasa niambieni, mtu aliyekaa zimamoto miaka kumi na minane haijui harufu ya gesi?"

"Anaijua," karani mmoja alijibu.

"Basi. Hiyo ndiyo kesi. Wivu tu."

Alisimulia vizuri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Jumanne zamu ilikuwa yake. Simu ilipopigwa Mkuu alimpita mezani kwake kana kwamba ni kabati, akampa Tarumbeta kesi kwa sababu Tarumbeta anajua kuongea na waandishi wa habari. Roho ilimuuma, na hakujisumbua kujidanganya kwamba haikumuuma. Alikuwa akimwonea mwenzake huyo kijicho tangu apandishwe cheo mbele yake. Kijicho hicho kilikuwa na faida moja tu: kilimfanya asome kila faili la Tarumbeta mara mbili, akitafuta kosa.

Mkuu alitoa kichwa mlangoni. "Saa nane faili liende kwa mwendesha mashtaka. Jaribio la kuua. Wewe Inspekta, kamilisha karatasi zilizobaki."

"Karatasi tu, afande?"

"Karatasi tu."

Inspekta akakaa, akafungua faili. Mtuhumiwa, yule kiongozi wa kikosi, zamani alikuwa mwanajeshi, mtegua mabomu, kabla ya kuingia zimamoto. Kituoni kwake wanamwita Nguzo. Ushahidi mkubwa ulikuwa ujumbe wa simu wa Jumapili. Mke wa Nguzo alimwandikia Dereva: *Alhamisi saa nne. Asijue kabla.* Dereva akajibu: *Usijali shemeji, nitakuwepo.* Nguzo alikiri kwamba aliuona. Baada ya hapo hakukiri wala kukana jambo lingine lolote; kila swali alijibu, "Nilisema safi."

Mara ya pili Inspekta alisoma karatasi ambayo Tarumbeta aliipiga pini nyuma kabisa, ripoti ya muuguzi aliyemhudumia Nguzo siku ile. Nyusi zimeungua. Nywele za mbele zimeungua. Akaivuta ramani ya kiwanda. Stoo ilipolipuka, Nguzo alikuwa ndani, hatua nne kutoka mlango wa stoo.

"Tarumbeta," aliita. "Wewe ukitaka kumlipua mtu kwa gesi, utasimama wapi?"

"Mbali."

"Huyu alisimama ndani."

Tarumbeta aliinua mabega. "Alikosea hesabu."

Inspekta akachukua mkoba wake.

Kituo cha zimamoto kilikuwa na gari moja kubwa, lililooshwa likang'aa, na ukuta mzima wa misumari ya kutundikia kofia. Aliyempokea ni mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Wote humo walimwita Mama Stoo.

"Umekuja kumfunga Nguzo au kumfungua?" aliuliza. "Niambie mapema nijue kama nikupe kiti."

"Nimekuja kuuliza, mama. Nipe kiti, ukichukizwa utakichukua."

Mama Stoo akacheka kidogo, akampa. Inspekta akamwuliza gesi hupimwaje.

"Kwa mashine. Lakini mashine yenyewe iko kwa fundi tangu mvua za mwanzo, na fundi kila wiki anasema kesho. Tukarudia desturi ya wakubwa wetu. Kikosi kinasimama nyuma, hatua ishirini. Kiongozi peke yake anakwenda mlangoni, ananusa, anasema 'safi' au 'rudini'. Kabla hajasema, hakuna anayegusa hata kiberiti."

"Peke yake?"

"Peke yake." Mama Stoo akafikiri. "Isipokuwa Dereva. Miezi hii Dereva haachani naye. Wengine wananung'unika, wanauliza kwa nini yule apendelewe, yeye kazi yake ni gari na pampu. Unajua wanaume walivyo na wivu kuliko sisi, hawasemi tu."

"Akifika mlangoni anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anakohoa. Maskini ana kifua, mara akohoe moja, mara mbili."

Inspekta akaacha kuandika. "Hospitali wamempima mapafu Jumanne. Ni mazima kabisa. Mama, jikumbushe. Siku mliyoambiwa 'rudini', alikohoa mara ngapi?"

Mama Stoo alitazama juu, vidole vikicheza na funguo. "Nimekwenda nao kwenye matukio mawili kupeleka vifaa," alisema polepole. "Kwa dobi ilikuwa safi. Alikohoa mara moja. Shuleni wakarudi. Mara mbili." Akamtazama Inspekta. "Wewe, unataka kuniambia nini?"

"Bado sijajua. Na Jumanne?"

"Jumanne hakwenda mlangoni. Nguzo alimfokea hapa hapa kabla gari halijatoka. Alimwambia, 'Kazi yako ni gari. Leo ukishuka unakwenda uani, kwenye swichi.' Tulishangaa. Nguzo hakuwa mtu wa kufoka. Siku hizi amekuwa mwepesi wa hasira, taa ikiwashwa anafoka, redio ikifunguliwa kwa sauti kubwa anafoka."

"Siku hizi, tangu lini?"

Mama Stoo akainuka, akateremsha kofia moja ukutani. Ilikuwa na ufa kutoka utosini hadi sikioni. "Labda tangu hii. Miezi saba iliyopita boriti ilimwangukia. Alizirai dakika mbili, tatu. Akaamka, akaomba maji, akamaliza zamu yake. Tukampigia makofi. Na kofia tukaitundika hapa iwe heshima."

"Alikwenda kupimwa?"

"Kupimwa nini? Hakutoka hata damu." Alisema hivyo, kisha akaiangalia tena ile kofia, na akaiweka mezani badala ya kuirudisha msumarini.

Kabati la Dereva lilifunguliwa mbele ya mashahidi wawili, kama inavyotakiwa. Ndani mlikuwa na sare, sabuni na kandambili. Katika mfuko wa sare Inspekta alikuta kadi ya hospitali, kliniki ya ubongo na mishipa ya fahamu. Miadi: Alhamisi, saa nne. Jina la mgonjwa halikuwa la Dereva. Lilikuwa la Nguzo.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu. Alipiga simu kliniki kwanza, akaongea na daktari dakika kumi. Kisha akaenda kwa mke wa Nguzo.

Nyumba ilikuwa safi na ya giza. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa ingawa jua lilikuwa kali nje. Mke alimkaribisha jikoni, akasimama yeye mwenyewe mbele ya rafu, mikono kifuani.

"Nimekwisha kuhojiwa na yule mwenzako mwenye maneno mengi," alisema. "Ameniita mwanamke mzinzi mbele ya mama mkwe wangu. Sina la kuongeza."

"Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja, dada. Naomba nione hiyo sufuria nyuma yako."

Mke hakusogea. Inspekta akachungulia juu ya bega lake. Sufuria ilikuwa imeungua ndani na nje, nyeusi tii, imesuguliwa ikashindikana.

"Iliungua nani akiwa jikoni?"

"Mimi nilitoka."

"Na yeye?"

Mke aliisukuma sufuria ndani zaidi ya rafu kwa kiwiko.

"Dada, saa nane mumeo anashtakiwa kwa jaribio la kuua. Unamficha ili asipoteze kazi. Nakwambia atapoteza miaka ishirini. Sufuria iliungua yeye akiwa ameketi wapi?"

Mke akavuta kiti, akakaa kama aliyekatwa miguu. "Hapo ulipo wewe. Alikuwa anasoma gazeti. Nilisikia harufu tangu kwa jirani nikaja mbio. Jikoni moshi umejaa, yeye hana hili wala lile, ananiambia, 'Mbona unahema?'"

"Hasikii harufu."

"Hasikii. Na kichwa kinamwuma, na mwanga unamchoma, na anasahau. Nilidhani ana mwanamke. Anasahau nilichomwambia asubuhi, nikasema huyu mawazo yako kwingine. Nimempekua mifuko mimi, nimenusa mashati yake kama mbwa." Alicheka bila furaha. "Wiki mbili zilizopita Dereva akaja kuniambia ukweli. Nguzo alimwomba amsaidie, anuse kwa niaba yake, akohoe mara moja pakiwa safi, mbili pakiwa na gesi. Dereva akaogopa. Akasema, 'Shemeji, hii haiwezekani tena, tumpeleke hospitali.' Tukapanga tumpeleke Alhamisi, bila kumwambia kabla, maana angekataa."

"Ulifurahi ulipojua?"

"Nifurahi?" Machozi yakamlenga. "Miezi sita mtu mwingine anajua kilicho ndani ya kichwa cha mume wangu. Mimi najipaka manukato, yeye ananiambia 'leo umenukia'. Uongo mtupu, alikuwa anabahatisha. Nilimwonea wivu Dereva, afande, wivu mkali kuliko ningemwonea mwanamke. Mwanamke ningejua nimfanye nini."

Inspekta akamwachia leso yake. "Dereva aliijua siri. Kwa nini aliwasha swichi?"

"Hapo ndipo ninapokesha," mke alisema. "Sijui."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha dogo, meza, viti vinne. Saa saba na robo Inspekta alichukua tambara, akalilowanisha kwa mafuta ya taa, akalitia kwenye kopo na kulisukuma chini ya kiti cha mtuhumiwa. Kisha akazima taa ya dari, akabakiza mwanga wa dirishani. Daktari kutoka kliniki alikaa pembeni na daftari, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyochakaa.

Nguzo aliletwa. Alikuwa mrefu, ana bandeji kwenye paji la uso. Akatazama dari, taa ikiwa imezimwa, na mabega yake yakashuka kidogo.

"Ahsante," alisema.

"Ya nini?"

"Taa. Yule mwenzio aliniwashia siku nzima."

Inspekta akamsogezea chai. Akamwuliza habari ya kazi, ya jeshini, ya mabomu mangapi yalilipuka karibu naye. Nguzo alisema hakuhesabu. Baada ya kila moja masikio yalilia siku mbili, wakapewa mapumziko ya nusu siku. Daktari akaandika. Inspekta mwenyewe alikuwa anapumua kwa mdomo. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imejaa chumbani. Nguzo alikunywa chai yake taratibu.

"Harufu ya gesi unaijua?"

"Kuliko ya mama yangu."

"Jumanne mlangoni hukuisikia?"

"Nilisema safi."

"Nimekuuliza ulisikia nini."

"Nilisema safi."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa hodi. Tarumbeta aliingia na faili kwapani, amekuja kuchukua karatasi zake. Alipiga hatua moja akasimama, akaziba pua.

"Humu mna mafuta ya taa," alisema. "Mnataka tuungue? Nani amemwaga?"

Nguzo alimtazama Tarumbeta, akamtazama Inspekta, akatazama kona za chumba moja moja. Kisha akaweka kikombe chini, kwa uangalifu mwingi, kama mtu anayeweka kitu kisicho chake.

"Yako wapi?" aliuliza.

"Chini ya kiti chako. Yana dakika ishirini na tano hapo."

Tarumbeta aliinama akachungulia, akainuka na kopo mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amjue, alikosa la kusema. Inspekta alikuwa ameisubiri sura ile kwa miaka mitatu. Akaitazama vizuri, ikamtosha, akaachana nayo.

"Si wazimu," daktari alisema kwa upole, akimgeukia Nguzo. "Wala si udhaifu. Kichwa kikipigwa, ubongo unatikisika ndani. Picha inaweza isionyeshe kitu, na damu isitoke. Nyuzi za harufu ni nyembamba, hukatika upesi. Kichwa kuuma, mwanga kuchoma, kusahau, hasira za ghafla, zote ni jeraha moja. Wewe uliumizwa jeshini mara nyingi, halafu boriti. Mtu alipaswa kukulaza kitandani siku ile, sio kukupigia makofi."

"Linatibika?"

"Mengi yanapungua kwa mapumziko, dawa za kichwa, na mazoezi ya macho na kumbukumbu. Pua tunaifundisha. Karafuu, limau, kahawa, asubuhi na jioni, kwa miezi. Wapo wanaorudiwa, wapo wasiorudiwa. Siwezi kukuahidi."

Nguzo aliitikia kwa kichwa. Inspekta akaiweka ile kadi ya miadi mezani, mbele yake.

"Alhamisi saa nne," alisema. "Soma jina."

Alisoma. Alisoma tena, kidole kikifuata herufi.

"Hii ndiyo siri ya mkeo na Dereva. Kadi hii ilikuwa kwenye kabati lake. Walikuwa wanakupeleka hospitali."

Tarumbeta alivuta kiti cha nne, akakaa.

"Nimebakiwa na swali moja," Inspekta alisema. "Dereva alijua huna pua. Ukisema 'safi' bila yeye kukohoa, alijua neno lako si kitu. Ilikuwaje akawasha?"

Nguzo aliisukuma kadi pembeni.

"Jumapili niliuona ule ujumbe. Sikulala. Nikajiambia, amechukua pua yangu, sasa anachukua na nyumba yangu. Kila mlango nikifika namsubiri yeye akohoe, kikosi kizima kinaniita Nguzo, na mimi namtegemea mtu anayenichukulia mke. Jumatatu nikamwambia simhitaji tena. Nikamwambia pua imerudi."

"Akakuamini."

"Alinikumbatia."

"Na Jumanne?"

"Nilivuta hewa mlangoni, sikusikia kitu. Kama kila siku. Kikosi kiko nyuma yangu kinangoja. Ningewezaje kumwita kutoka uani mbele yao wote?" Alifuta uso kwa kiganja. "Nikasema safi. Nikaingia mimi kwanza, nikajisemea, gesi ikiwepo, itanianza mimi."

Inspekta alichukua hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa Tarumbeta. Alipitisha mstari juu ya *jaribio la kuua*, na mwingine juu ya *kwa makusudi*, akaandika juu yake *uzembe, akiwa majeruhi wa kichwa; apelekwe kliniki*. Akamsukumia Tarumbeta atie sahihi pembeni. Tarumbeta alishika kalamu muda mrefu. Kisha akatia sahihi, na akaomba apewe na daftari la daktari ili alinakili.

Nguzo hakuyatazama hayo. "Daktari," alisema, "Dereva yuko kwenu?"

"Yuko wodini kwangu. Mlango ulimpiga kichwa, kwa hiyo huyu tumemlaza gizani tangu saa ya kwanza. Leo asubuhi alizinduka vizuri."

"Amesema nini juu yangu?"

Daktari alimtazama Inspekta kwanza, na Inspekta hakumzuia.

"Haikumbuki Jumanne. Anakumbuka Jumatatu. Aliniuliza kama kweli pua ikifa inaweza kurudi, maana ya rafiki yake imerudi. Alisema tusisumbuke tena na ile kadi."

Nguzo alinyoosha mkono juu ya meza, akalivuta kopo kutoka mbele ya Tarumbeta, akalitoa lile tambara. Akaligandamiza usoni kwa mikono miwili, mafuta yakimtiririka hadi viwikoni, akavuta pumzi ndefu. Akangoja. Akavuta tena.